Kivuli cha Malindi kiko upande gani wa ukuta?

Ukitaka kujua wapi Malindi pana kivuli, tafuta bodaboda. Vijana wale hawasimami popote tu. Stendi yao utaikuta chini ya mwarobaini, mkungu au mwembe uliosalimika kando ya barabara, na mti ukikatwa leo, kesho stendi imehama. Kisha ingia kwenye vichochoro vya Maweni au Kisumu Ndogo saa saba mchana, mwezi wa pili, jua la kaskazi liko utosini na mabati yanalia kwa joto. Mama anatoka zahanati na mtoto mgongoni, anajibanza ukutani afuate kivuli cha nyumba, na kivuli chenyewe saa hizo hakizidi upana wa unyayo.

Sasa teremka kuelekea baharini, barabara ya Casuarina. Hata jina lake ni la mti, ndio huu mvinje wetu. Pande zote ni kuta, na juu ya kuta kunachomoza minazi, miarobaini, mikungu na maua ya boganvilia. Ni mwendo wa dakika chache kwa tuktuk. Mji ni mmoja na jua ni moja, lakini joto ni mbili.

Tunaulizana kila msimu wa mvua: tupande miti mingapi? Naona swali hilo ndilo linalotupoteza. La kuuliza kwanza ni nani anakaa chini ya mti uliopo tayari, na kwa nini mwenzake hana.

Kazi ya mti mjini

Mti hupunguza joto kwa njia mbili. Ya kwanza ni kivuli: matawi hulizuia jua kabla halijafika kwenye ngozi, ukuta na bati. Ya pili haionekani kwa macho: majani hutoa mvuke, na maji yanapogeuka mvuke huondoka na sehemu ya joto la hewa. Kwenye nchi kavu njia hii ya pili hufanya kazi kubwa. Kwetu hewa imeshiba unyevu tayari, hata jasho halikauki mwilini, kwa hiyo mvuke wa majani hausaidii sana kama bara. Kilichobaki kikubwa ni kivuli chenyewe.

Jambo hilo dogo la kisayansi lina matokeo makubwa. Kivuli hakisafiri. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 420, ni hazina ya ndege, tembo na wanyama wengine adimu, na Mungu atulindie. Lakini haufuniki paa hata moja la mtaa wa Barani hapa mjini. Ukihesabu miti ya kaunti nzima na kusema tunaendelea vizuri, umejumlisha msitu ule na kichochoro cha mjini kana kwamba mtu wa kichochoroni anaweza kwenda kulala msituni.

Na kulala ndiko kwenye taabu kubwa kuliko zote. Ukuta wa matofali hunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku. Wanaoumia ni watoto wachanga, wajawazito, wazee wenye presha, na yule aliyebeba mizigo mchana akitarajia usingizi umrudishie nguvu. Mti uliosimama upande wa magharibi wa nyumba, ukazuia jua la alasiri lisipige ukuta, unafanya kazi yake hadi saa nane za usiku ingawa jua limekwisha kuzama.

Niseme pia kwamba kivuli si lazima kitoke kwenye mti. Nenda Lamu, ukatize mtaa wa Mkomani. Miti ni michache, na bado unatembea kivulini, kwa sababu nyumba za mawe zimesongamana zikiwa ndefu na njia ni nyembamba kiasi kwamba jua hufika chini karibu na adhuhuri tu. Ndani kuna kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, kilicho wazi juu, mlangoni kuna daka la kuketi. Waliojenga mji ule waligawa ubaridi kwa ukuta. Na pale mji ulipofunguka, mbele ya Ngome, paliachwa miti, na uwanja ukaitwa Mkunguni. Mombasa nayo ina Mwembe Tayari. Wazee waliita mahali kwa jina la mti kwa sababu mti ndio uliokuwa ukumbi wa watu wote.

Mitaa yetu mipya imekosa vyote viwili. Nyumba ni fupi, za mabati, haziwezi kufunika njia. Na njia ni finyu, haziwezi kubeba mwembe. Ni ujenzi wa watu waliokuwa na haraka ya kupata pa kulala, na siwalaumu.

Wastani unavyoficha watu

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, ibara ya 69, inaitaka Serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilisema tumefika asilimia 12.13. Mwishoni mwa 2022 likatangazwa lengo kubwa zaidi: miti bilioni 15, na asilimia 30 ya nchi, ifikapo 2032. Nayaunga mkono malengo haya. Ila yote yanapima ardhi, na ardhi haioni joto.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme mji una mitaa miwili yenye ukubwa sawa. Mtaa wa kwanza nusu yake, asilimia 50, imefunikwa na matawi ya miti ukitazama kutoka juu, na wanakaa watu 2,000. Wa pili umefunikwa asilimia 4 tu, na wanakaa watu 20,000. Wastani wa mji ni asilimia 27. Ukisomwa mkutanoni watu watapiga makofi, maana umekaribia 30. Lakini hesabu kwa watu badala ya ardhi: zidisha kila mtaa kwa wakazi wake, kisha ugawe kwa wakazi wote 22,000. Unapata asilimia 8 na kidogo. Hicho ndicho kivuli anachokiishi mkazi wa kawaida wa mji huo. Takwimu ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili tumewahesabu binadamu.

Mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alipendekeza mwaka 2021 kanuni ambayo miji mingi imeipenda: kila mtu aone angalau miti 3 kutoka nyumbani kwake, mtaa wake uwe umefunikwa asilimia 30, na asikae zaidi ya mita 300 kutoka bustani ya umma. Nzuri yake ni kwamba inaanza na nyumba ya mtu na mtaa wake, haianzi na nchi. Lakini Malindi ingehitaji nyongeza. Miti mitatu unaweza kuiona vizuri sana ikiwa ndani ya ukuta wa jirani, na isikupe hata dakika moja ya kuketi.

Wamarekani ndio walioichimba habari hii hadi mzizi. Miaka ya 1930 shirika la serikali yao la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuipaka rangi mitaa: kijani kwa ile iliyoaminika, nyekundu kwa ile iliyohesabiwa kuwa hatari kukopesha. Mitaa ya watu Weusi ilipakwa nyekundu. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha ramani hizo na vipimo vya joto la ardhi katika miji 108. Mitaa iliyokuwa nyekundu ilikuwa na joto zaidi kuliko jirani zake katika asilimia 94 ya miji hiyo. Kwa wastani tofauti ilikuwa nyuzi za Selsiasi kama 2.6, na kwingine ilifika 7. Sababu moja kubwa ni uhaba wa miti. Karatasi iliyochorwa miaka themanini na zaidi kabla, na mbaguzi aliyeichora yuko kaburini, lakini bibi kizee anaendelea kutokwa jasho kwa ajili yake. Leo shirika la huko, American Forests, huupa kila mtaa wa mjini alama kutoka 0 hadi 100, likichanganya kiasi cha miti na kipato, umri, afya na joto la wakazi, ili mji ujue pa kuanzia.

Sisi hatukuchorewa ramani ile. Tuna yetu.

Mpapai ruhusa, mwembe marufuku

Bibi yangu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne vya udongo na makuti. Nyumba yake, ardhi si yake. Kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja kwa mwenyewe, mpango ambao mtu wa Malindi au Majengo ya Mombasa hahitaji kuelezwa. Siku moja alipewa mche wa mwembe, akaenda kuomba ruhusa. Mzee yule hakuwa mtu mbaya, nakumbuka alitukaribisha kahawa. Akamwambia, "Bi mkubwa, panda mipapai, panda migomba, panda mchicha. Mwembe usipande."

Nilikuwa mdogo, nikaona ni uchoyo. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba ile ilikuwa sheria inazungumza. Mpapai hufa baada ya miaka michache. Mwembe utamzika aliyeupanda, na utamzika mwenye kiwanja pia.

Pwani yetu ina desturi kongwe kwamba mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu aweza kuwa na minazi kumi katika shamba la mwingine, akairithisha, akaiuza au akaiweka rehani, bila kumiliki mchanga iliposimama. Desturi hii ilimpa mpandaji haki. Hiyohiyo ikamtia hofu mwenye ardhi. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya kuandikisha hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Walionufaika zaidi ni wenye mashamba wa Kiarabu na Kiswahili. Madai ya Wamijikenda kwa jumla hayakutambuliwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya kikoloni. Mwaka mmoja nyuma, 1907, utumwa ulikuwa umefutwa kisheria. Waliokuwa watumwa, na wakulima wa Kimijikenda, wakajikuta wanalima ardhi yenye jina la mtu mwingine. Wakaitwa maskwota. Mahindi na mihogo waliruhusiwa. Miti ya kudumu wakakatazwa, kwa kuwa mnazi au mwembe ni shahidi: unasema fulani alikuwapo hapa, na alikuwapo muda mrefu.

Ukiyaweka mambo hayo pamoja, ramani ya kivuli cha Malindi inasomeka. Penye hati miliki na nafasi, mti umepandwa na kuzeeka. Penye kodi ya kiwanja, au pale wanapokaa watu bila hati, mti wa kudumu ni ugomvi unaongoja siku yake. Mwenye kiwanja anaukataa usije ukawa dai, na mpangaji hautaki kwa sababu anaweza kuhamishwa kabla haujazaa. Hakuna mvivu hapo wala asiyependa mazingira. Kila mmoja anafanya akili kulingana na karatasi aliyonayo au aliyoikosa.

Ndiyo maana naumia nikiona kampeni inashusha miche mtaani, inapiga picha, inaondoka, kisha miche ikikauka tunaambiwa wakazi hawajali. Umemkabidhi mpangaji kitu ambacho mkataba wake unamkataza kukipanda.

Hata sheria nzuri inaweza kumruka mtu huyu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaitaka kila kaunti ianzishe maeneo ya kijani kwa wakazi wake, na iwatake wajenzi wa mitaa ya nyumba watenge angalau asilimia 5 ya ardhi kwa ajili hiyo. Kwa mtaa mpya wenye mjenzi mmoja, ramani moja na lango moja, inafaa kabisa. Maweni haikujengwa na mjenzi. Ilijengwa chumba baada ya chumba, kila mtu na fundi wake. Hiyo asilimia 5 utamdai nani?

Sawa kwa sawa si haki

Wakija kugawa miche, njia rahisi ni kila wadi ipate idadi moja. Inaonekana safi, haina lawama, na diwani hana la kusema. Lakini ukiupa mtaa wenye asilimia 50 na mtaa wenye asilimia 4 miche ileile, umeacha pengo palepale, na pengine umelipanua, kwa sababu kwenye bustani yenye bomba na mtunza bustani karibu kila mche utapona. Haki hapa ni kuanza na mtaa wenye joto zaidi na watu wengi zaidi, na kukaa huko miaka kadhaa kabla ya kwenda kwingine. Watakaonung'unika watakuwepo. Waambiwe wazi kwa nini.

Wapo wanaosema wenye bustani za ufukweni walipanda kwa pesa zao, waachwe. Nakubali, waachwe, tena wapewe heshima yao kwa kutokata. Hakuna anayetaka kung'oa mwembe wa mtu. Ninachokitaka ni kwamba pesa ya umma, ambayo ni kodi ya muuza mahamri pia, isiende kupendezesha barabara ambazo tayari zina kivuli kwa sababu ndizo wageni wanazopita.

Pa kupanda je, kama viwanja vina wenyewe? Anza na ardhi isiyo na mwenye kodi: kando ya barabara pana, viwanja vya shule, zahanati, misikiti na makanisa, makaburini, viwanja vya mpira, stendi. Mtoto anayetoka shule kwa miguu saa sita na nusu anahitaji mstari wa miti kutoka darasani hadi kwao kuliko anavyohitaji bustani moja nzuri mwisho wa mji. Na kwenye viwanja vya watu binafsi, naona manispaa ingeweza kuandaa mkataba mfupi wa ukurasa mmoja: mpangaji anakubali mti hautakuwa dai la ardhi, mwenye kiwanja anakubali hataukata bila kukubaliana na wanaoutumia. Hofu iliyomfanya yule mzee akatae mwembe ingetulizwa kwa wino. Tunaandikiana mikataba ya vyumba na ya bodaboda. Tuandikiane na ya kivuli.

Aina ya mti nayo ina maana, ingawa si kwa namna watu wanavyobishana. Mwarobaini, wengine huuita mkilifi, unavumilia ukame na huota hata pabaya, lakini mbegu zake husambazwa na ndege na popo na umeanza kuvamia misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, basi usiwe ndio peke yake. Mvinje hukua haraka na hutoa nguzo, kivuli chake ni chepesi. Mkungu hutandaza matawi kama dari. Mwembe na mkwaju vina kivuli kizito ila vinataka nafasi na subira. Kichochoro chembamba kinafaa mpera, mstafeli au mlimau, au chanja la mitambaazi juu ya mlango. Usipande mti mkubwa chini ya nyaya za umeme, utakatwa kichwa kila mwaka.

Maji ya Januari

Hapa ndipo miche mingi inapofia. Mvua yetu kubwa ni masika, kuanzia Aprili. Vuli ya Oktoba na Novemba ni ndogo, na baada yake huja kaskazi na miezi mikavu hadi Machi. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ya 2023 iliwekwa tarehe 13 Novemba. Kwa sehemu nyingi za bara ni wakati mwema. Mche wa Malindi, mwaka wa kawaida, unapata wiki chache za mvua kisha unakutana na Januari. Ile ya mwaka uliofuata, tarehe 10 Mei, ilituangukia pazuri zaidi.

Tufanye hesabu tena. Mche mchanga unahitaji tuseme lita 10 mara mbili kwa wiki: mtungi mmoja wa lita 20. Januari hadi mwisho wa Machi ni wiki 13, basi mitungi 13 kwa mche mmoja. Kwa familia inayonunua maji kwa mkokoteni mfereji ukikauka, hiyo ni pesa ya unga. Hawataimwaga mchangani, nami nisingeimwaga. Lakini geuza upande wa manispaa. Miche 1,000 inataka lita 260,000, yaani safari 26 za boza la lita 10,000. Ni safari mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mzigo unaoshinda familia elfu moja ni kazi ya lori moja kwa siku mbili za wiki. Nikisikia bajeti ya kupanda miti, sasa huuliza swali moja tu: boza limo?

Ipo hofu moja ambayo sipendi ipuuzwe. Mtaa ukipendeza, kodi hupanda, na waliopanda miti wakajikuta wamewapandia wengine. Imetokea katika miji mingi ya nje. Ni sababu nyingine ya kuandikiana mapema, na ya kupanda kidogo kidogo katika vichochoro vingi badala ya kuweka bustani moja ya fahari.

Bibi hakuutupa mche wake. Aliuvusha barabara, akaupeleka kwa imamu, akanuia uwe wakfu, kwa kuwa alijua hadithi ya Mtume kwamba Mwislamu akipanda mti, akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Imamu akachagua pahali pa kuuchimbia: nyuma ya birika, pale maji ya kutawadhia yanapotokea. Hakuna aliyeumwagilia kwa mtungi hata siku moja. Uliogeshwa mara tano kwa siku, masika na kiangazi.

Nilipita pale kaskazi iliyopita. Chuo cha watoto kimehamia chini yake, wana jamvi na ubao. Upande wa barabarani kuna mama anakaanga viazi karai, na bodaboda saba.